Mtani Alipokaa Mlangoni mwa Banda la Nguruwe

Kwetu Matombo ukisikia watu wanasema "yule mama mkali wa nguruwe," ujue wananisema mimi. Sikatai. Nguruwe hasamehe uvivu, na mtu mpole mpole akimfuga atalia. Mimi nimeamua kuwa mkali mapema ili nisilie baadaye, ingawa kulia nimelia pia, nitasema.

Miaka mingi niliishi huko chini kwenye mashamba ya miwa, mume wangu akiwa fundi mitambo. Alipofariki nilirudi nyumbani milimani, kwenye ardhi ya lukolo, yaani ukoo wa mama, maana sisi Waluguru mtoto ni wa kwa mama yake. Lakini ardhi ya ukoo ina msemaji wake, na msemaji huyo ni mjomba. Mjomba wangu, mdogo wa marehemu mama, alinionyesha kipande cha mteremko chini ya njia ya kwenda misheni, akasema: "Weka hao wanyama wako hapo, tutaona. Wakikushinda, banda linavunjwa na wewe utajua pa kwenda." Pa kwenda sikuwa napo. Kurudi mjini Morogoro kupanga chumba, nipigiwe hodi na mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi, kwa umri huu? Hapana. Nilichokuwa nacho duniani ni kile kipande na nguruwe jike mmoja mweupe, mrefu wa mgongo, mzazi hodari, pamoja na watoto wake wa uzao uliopita.

Basi nikawafuga kama nilivyofundishwa kwenye semina ya ufugaji, na hata zaidi. Kila asubuhi nilizoa mavi, nikasugua sakafu, nikamwaga chokaa. Mlangoni niliweka beseni la dawa, na anayeingia alikanyaga humo kwanza, awe padri, awe mwenyekiti wa kijiji. Makombo ya kwenye vibanda vya kitimoto sikuyataka hata kwa bure, kwa sababu makombo ya nguruwe ukimpa nguruwe unamletea magonjwa ya wenzake. Mnyama mgeni alikaa peke yake kwenye kibanda cha pembeni mpaka nimwamini. Mbolea niliizika mbali na kijito, kwa kuwa majirani wa bondeni ni Waislamu na maji yale wanatawadhia. Mjomba alikuwa akicheka. "Unafuga nguruwe au umefungua hospitali?" Nilimjibu kwa adabu, moyoni nikasema cheka tu.

Sasa huyu mtani. Alikuwa jirani yangu wa upande wa juu, Mwislamu, mkulima wa mdalasini na ndizi, mtu wa makamo mwenye kofia ambayo sijawahi kuiona ikiwa safi. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kwa asiyejua, utani wa koo si mzaha wa kupitisha muda. Mtani ndiye anayewachimbia kaburi mkifiwa, na siku hiyohiyo ndiye anayekaa ndani ya kaburi akigoma kutoka mpaka mumlipe. Anaweza kuingia uani kwako akakamata kuku akaondoka naye, nawe huna pa kushtaki. Anakutukana, unamtukana. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa. Watu watakuona hukulelewa.

Njia yake ya shambani ilipita juu kidogo ya banda langu, na kila asubuhi alisimama.

"Mtani, umeamkaje na wanao?"

"Hawajambo. Wanasema wamekukosa, baba yao."

"Astaghfirullah! Waambie mimi huku nina pua moja tu, nao wananimalizia."

Anakwenda zake akicheka, nami naendelea kusugua. Ndiyo iliyokuwa salamu yetu.

Asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo na tope limeporomoka mpaka ukutani mwa banda, akasimama pale juu kama kawaida.

"Mtani! Huyo mwanao mkubwa umemnunulia kanga mpya? Nyekundu! Harusi ya nani?"

"Ya mkeo," nikamjibu. "Kapata mwanamume wa maana."

Alicheka. Halafu hakuondoka. "Mtani, sitanii. Hebu mtazame mgongoni."

"Nenda zako huko."

Na nani angemwamini? Kila mtani huanza uongo wake kwa kuapa kwamba hatanii. Juma moja kabla ya hapo aliapa kwa jina la mama yake kwamba nyani wamemaliza muhogo wangu, nikapanda mlima mzima mbio na fimbo, nikakuta muhogo umetulia kama ulivyo. Nikamwaga pumba kwenye kihori, watoto wakagombania, yule jike akajisogeza kwenye kona yenye giza akalala. Alikuwa na mimba kubwa, nikasema mzito huyo, mwache apumzike.

Adhuhuri nikarudi na kukuta chakula chake hakijaguswa. Hapo nikashtuka. Nguruwe asiyekula ni mgonjwa. Hana sababu nyingine duniani. Nikaingia, nikamshika sikio. Loo, lilikuwa la moto! Nikapitisha kiganja mgongoni, nikahisi vidole vinapanda na kushuka juu ya vitu vilivyovimba. Nikafungua ubao wa upande wa juu mwanga uingie, ndipo nikaona alichokiona mtani kutoka njiani: mabaka mekundu ya pembe nne, yamepangana mgongoni na mbavuni kama kashata zilizokatwa kwenye sinia. Nikajaribu kumsimamisha. Alisimama kwa vidole, akalia, akajitupa chini tena.

Kipindi kile kulikuwa na maneno kwamba homa ya nguruwe imeingia vijiji vya chini, na homa ile haina dawa wala chanjo. Ikiingia bandani inafagia wote. Nikampigia simu bwana mifugo. Akasema yuko upande wa pili wa kata, barabara imekatika, lakini anakuja na pikipiki, nisimwingize mtu na nisimtoe mnyama.

Lakini kuficha habari milimani ni kazi bure. Kabla bwana mifugo hajafika, mjomba alikuwa ameshafika, kisu mkononi na gunia begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Toka hapo mlangoni."

"Mjomba, bwana mifugo yuko njiani."

"Bwana mifugo atakuja kukuandikia cheti cha kifo. Huyu ni homa. Tukimwahi akiwa anapumua, ni nyama. Nimeshaongea na yule wa kitimoto kule barabarani, anamchukua mzima mzima. Akifa mwenyewe ni mzoga."

Ndivyo wanavyofanya watu, nisiseme uongo. Mnyama akiumwa, kisu kinawahi kabla ya ugonjwa, na ndiyo sababu magonjwa hayaishi: nyama inasafiri, damu inamwagwa kijitoni, mifupa inatupiwa mbwa, na ugonjwa unapanda mlima bila kulipa nauli. Nikamwambia mjomba ngoja achomwe sindano kwanza tuone. Akanijibu jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Sindano ikiingia, nyama haiuziki. Akifa na sindano yako umekosa mnyama na umekosa nyama. Utakula nini? Ardhi hii niliyokupa utaifanyia nini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mimi ni mkali, lakini kwa mjomba ukali wangu una mwisho. Mpwa hamzuii mjomba. Hata ningekuwa na shahada, neno lake kwenye ardhi ile lilikuwa la mwisho. Nilisogea. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku ya kumzika mume wangu, maana siku ile angalau nilijua nitalala wapi.

Ndipo mtani akashuka kutoka njiani. Sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani. Alishuka akiteleza kwenye tope, akampita mjomba bila salamu, akafika mlangoni mwa banda, akakaa chini. Akakaa kabisa, Mwislamu mzima, na kofia yake, kwenye lile tope la nguruwe, akanyoosha miguu mpaka ikaziba mlango.

"Wewe!" mjomba akasema. "Toka hapo."

"Sitoki mpaka nilipwe."

"Ulipwe nini? Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Ndiyo maana bei yangu leo ni kubwa."

Pale juu njiani wapita njia walishaanza kusimama. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mjomba akatazama juu, akatazama chini, nikaona anameza mate. Angemsukuma mtu mwingine yeyote. Mtani hasukumwi.

"Chukua kuku nyumbani kwangu," mjomba akasema. "Chukua yeyote."

"Kuku wako wana kideri. Unataka kuniua?"

"Chukua mkungu wa ndizi."

"Ndizi ninazo mpaka nazikimbia. Nataka mbuzi mweupe, asiye na doa, na awe anajua kuimba."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba mwenyewe mdomo ulimcheza, akaukaza haraka. Akajaribu kumpita kwa pembeni, mtani akajilaza ubavu, akajifanya maiti, akaanza kujililia mwenyewe kwa sauti ya kike, "Yalaa, mtani ananichinja mimi badala ya nguruwe!" Mjomba akaliweka gunia chini na kulikalia. Akangoja mtani achoke. Mtani hakuchoka. Alimtukana mjomba, akamtukana baba wa mjomba, akarudi nyuma vizazi kadhaa, na kila alipomaliza alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa, mtani, ngoja dawa ije." Mpaka tukasikia pikipiki inapanda kilima.

Bwana mifugo alikanyaga kwenye beseni, mtani akamkunjia miguu apite, akainyoosha tena. Alimpima jike joto. Akabonyeza baka moja kwa kidole gumba, likafifia, kisha wekundu ukarudi. Akawatazama wale wengine wakila, akawashika mmoja mmoja masikio. Akatoka nje na kutueleza wote watatu, polepole, na hakujifanya anajua asichokijua.

Alisema homa ya nguruwe huwa inaangusha wengi kwa pamoja, na wekundu wake hukaa zaidi masikioni na tumboni, umetapakaa tu. Haya mabaka yaliyovimba, yenye pembe, na haya maumivu ya viungo, anaona ni ugonjwa mwingine, wa bakteria. Una jina refu ambalo sikulishika. Kijidudu chake kinakaa kwenye udongo na mavi na hata kwa nguruwe mzima asiyeonyesha dalili, kikisubiri mvua, joto au uchovu. Na tope lile lililoingia bandani huenda ndilo lililokileta. Huu unatibika kwa penisilini, ila uwahiwe. Lakini kuapa haapi. Atachukua damu ipelekwe mjini ipimwe, na kabla jibu halijarudi hakuna nguruwe wa kutoka wala kuchinjwa. Kama ni bakteria, sindano itatuonyesha mapema. Kama ni homa, haitafanya kitu.

"Mama, nichome?" akaniuliza.

Nikamtazama mjomba. Alikuwa amesimama, kisu kimelala kwenye paja. Akatema mate pembeni.

"Mchome," akasema kwa ile sauti ya mtu anayekukabidhi kamba ujinyonge. "Akifa, kesho yake banda linavunjwa." Akachukua gunia lake akaondoka.

Sindano ilimwingia shingoni nyuma ya sikio. Mtani ndipo akainuka, kanzu ya kazi imeganda tope, akaenda kijitoni kujitoharisha. Alijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka, akinung'unika muda wote. Nilimpelekea sabuni nikaiweka mbali kidogo kwenye jiwe.

"Tangu nizaliwe nimesema kweli mara moja," akaniambia bila kunitazama, "na wewe ukaniambia niende zangu."

"Ningejuaje, mtani?"

"Ungegeuza shingo tu. Shingo yenyewe unayo, nene."

Nilicheka, na kucheka kukageuka kilio hapohapo. Alijifanya hakuona.

Kesho yake jike alikuwa vilevile, labda vibaya zaidi. Nilimwekea maji karibu na mdomo, nikamfuta kwa kitambaa cha baridi, nikamtandikia majani makavu. Nilizoa tope lote, nikatoboa mfereji upande wa juu maji yapite kando, nikamwaga chokaa mpaka banda likawa jeupe. Nilifanya hayo yote nikijua huenda navipamba vitu vya kuvunjwa. Bwana mifugo akaja, akachoma tena. Akanionya kwamba hata akianza kula nisiache dozi njiani, maana ndivyo watu wanavyojitafutia ugonjwa sugu.

Asubuhi iliyofuata nikaingia na kumkuta amesimama. Kasimama kwa shida, mgongo umepinda, lakini kasimama. Nikamrushia majani ya maboga. Akayanusa, akanitazama kwa lile jicho lao dogo, akayatafuna. Nilitoka nje nikapiga yowe kuelekea juu, "Mtani! Amekula!" Sauti ikajibu kutoka kwenye mdalasini: "Mpe hongera, ila asinialike!"

Majibu ya damu yalipokuja yalisema si homa ya nguruwe. Tulimaliza dozi. Ngozi ilichubuka pale penye mabaka, ikapona. Baadaye alizaa, na si wote waliotoka hai. Wengine walishafia tumboni kwa sababu ya ule ugonjwa. Waliobaki walinifidia wale wasiobaki, ndivyo nilivyojisemea. Lakini hayo ni ya baadaye.

Kwanza alikuja mjomba. Tangu siku ile ya sindano hakuwa ameonekana, nikadhani ni hasira. Alikuja mchana, mkono wa kulia umefungwa kanga ya mkewe, akakaa kwenye kigoda cha jikoni kwangu na kusema ana jipu. Nikamfungua. Mungu wangu! Kidole cha shahada mpaka mgongo wa mkono vilikuwa vya zambarau, vimevimba, vinang'aa, na ile rangi ilikuwa na ukingo wake kabisa, kama imechorwa. Hakuweza kukunja kidole hata kimoja.

"Umejikata na nini, mjomba?"

"Mfupa ulinichoma."

"Mfupa wa nini?"

Akageuza uso kwenye moto wa jiko. Nami nilijua. Nilikuwa nimempa dume mmoja mdogo wa uzao uliopita, alimfunga nyuma ya nyumba yake. Mwishowe alikiri: juma lile lile naye alitoka mabaka. Mjomba hakumwambia mtu. Akamwahi na kisu, gizani hata kabla ya jogoo, wakamla nyumbani, na mfupa ukamchoma wakati wa kumkatakata.

Hapo adabu ilinitoka. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia bwana mifugo alikataza kuchinja, na alikataza mbele yake. Nilimwambia angekuwa mtoto wangu ningemchapa. Aliinamisha kichwa kama mtoto kweli. Nikaita bodaboda, tukaenda zahanati, na nikamweleza muuguzi habari yote ya nguruwe, maana mwenyewe angesema jipu na wangemtibu jipu. Muuguzi akatikisa kichwa, akamwita mganga, wakasema kijidudu ni kilekile, kinaingia kwenye jeraha. Wakamwandikia penisilini.

Mtani alipopata habari hiyo nilidhani atakufa kwa kicheko. Alisimama njiani akatangaza kwa bonde zima kwamba ukoo wetu na nguruwe sasa wanatumia dawa moja, na kwamba daktari akikosekana tuitiwe bwana mifugo. Mpaka leo hajachoka nalo.

Mjomba alirudi baada ya uvimbe kushuka. Alikuwa bado hawezi kufumba ngumi. Alikanyaga kwenye beseni bila kuambiwa, akasimama kwenye uzio wa ndani, akamtazama yule jike akila.

"Banda lako likae hapa," akasema. "Hakuna wa kulivunja, nikiwa hai au nikiwa nimekufa. Nimeshawaambia wenzako wa ukoo."

"Asante mjomba." Nilitaka kupiga magoti, nikajizuia.

Nilidhani amemaliza. Hakuondoka. Aliendelea kuegemea ule uzio.

"Huu mkono ulikuwa unawaka," akasema. "Hata shuka ikinigusa nalia. Na ni kidole kimoja tu kilichochomwa."

"Pole mjomba."

"Na huyu, ugonjwa ulimshika wapi?"

"Mwili mzima, mjomba. Viungo vyote na ngozi yote."

Akakitazama kiganja chake, akajaribu kukikunja, kikagoma.

"Na mimi nikamjia na kisu," akasema.